Antena ya waya: makombo yaliyozunguka dunia

Leo tuziweke kando seva na programu, tuzungumze kuhusu waya.

Babu yangu alikuwa na redio ya betri. Kwenye antena yake alifunga waya wa shaba uliopita dirishani hadi kwenye mwembe. Akiufungua, London inapotea. Akiufunga, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, inarudi. Nilidhani ni ujanja wa kijijini tu, kumbe mzee alikuwa kwenye historia ndefu.

Historia yenyewe inaanzia Karlsruhe, Ujerumani. Kati ya 1887 na 1888, Heinrich Hertz alithibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo. Kifaa chake cha kurushia kilikuwa na mikono miwili iliyonyooka na pengo dogo katikati, ambapo cheche iliruka. Desemba 1901, Guglielmo Marconi akiwa Newfoundland alisema amesikia herufi S kutoka Poldhu, Uingereza, kwa waya ulioinuliwa na tiara. Wako wanaobisha hadi leo kama kweli aliisikia.

Muda si muda watu wa kawaida wakaanza kujijengea vituo nyumbani. Hii ndiyo redio ya ridhaa: unarusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi yako, si kwa mshahara. Lakini walivuruga mawasiliano ya meli na jeshi. Mwaka 1912, miezi michache baada ya Titanic kuzama, Marekani ikapitisha sheria iliyowabana kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 200 kushuka chini. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba wimbi refu ndilo linalofika mbali. Kwa hesabu yao, watu wa ridhaa walikuwa wamepewa makombo.

Watu wa ridhaa hawakubishana na hesabu. Walitandika waya, wakasikiliza.

Desemba 1921, Mmarekani Paul Godley alipiga hema Ardrossan, Scotland, akatandaza waya wa mita 400 hivi juu ya nguzo fupi, akasikia vituo vya ridhaa vya kwao Marekani. Wimbi lilikuwa bado karibu na mita 200. Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, alizungumza kwa mdundo wa Morse na Fred Schnell wa Connecticut. Safari hii walishuka hadi mita 100 hivi, na wakasikizana vizuri. Tarehe 18 Oktoba 1924, Cecil Goyder, mwanafunzi katika shule ya Mill Hill, London, aliwasiliana na Frank Bell kwenye shamba lake New Zealand. Hapo ni upande wa pili wa dunia!

Sababu ni nini? Juu angani kuna tabaka la hewa yenye chembe za umeme, ionosfia, linalorudisha mawimbi mafupi ardhini. Yanaruka kama mpira, na kila mruko yanasonga mbele maelfu ya kilomita. Edward Appleton alithibitisha tabaka hilo kwa majaribio yaliyoanza mwishoni mwa 1924, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel. Serikali na makampuni nayo yakayakimbilia yale makombo. Katika mkutano wa Washington wa 1927, watu wa ridhaa wakabaki na vipande vichache, kimojawapo mita 40.

Hicho ndicho kipande nilichojengea antena yangu. Ni mikono miwili ile ile ya Hertz: waya wa shaba uliokatwa katikati, plastiki ya kuutenganisha, na kebo inayoshuka hadi kwenye redio. Urefu wake ni nusu ya wimbi. Niliandika programu ndogo: 150 gawanya kwa megahezi. Kwa 7.1 ikatoa mita 21.1. Nikakata, nikapandisha, nikapima. Antena ikakubali vizuri zaidi kwenye 6.7!

Nilitafuta kosa kwenye programu usiku kucha. Halikuwepo. Kosa lilikuwa kwenye dhana yangu: waya halisi, kwa sababu ya unene wake na ncha zake, huwa kama mrefu zaidi ya unavyopimwa kwa futi kamba. Wajenzi hutumia 142.5 badala ya 150. Jibu ni mita 20.1, yaani kama mita 10 kila upande. Nikakunja nusu mita kila ncha, ikakaa sawa. Bahati nzuri nilikosea kwa urefu: kupunguza waya mrefu ni rahisi kuliko kurefusha mfupi.

Ukitaka kujaribu, anza kwa kusikiliza. Kurusha kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na usipitishe waya karibu na nyaya za stima, hata kama mti mzuri uko huko.

Wataalamu wa 1912 nao hawakukosea kujumlisha. Walikuwa na dhana ambayo hakuna aliyepanda juu ya paa kuijaribu. Babu hakujua hesabu ya 142.5. Alisogeza waya hadi sauti ikanyooka, na hiyo nayo ni njia ya kupima.

Haya, tutafutane tena. Kwaherini.