Mkono wa Karibu na Sauti ya Mbali

Upasuaji ni kazi ya mkono, na mkono haufiki mbali kuliko mwili. Meza ikiwa chini mno, mgongo wa mpasuaji hupinda; ikiwa juu mno, mabega huinuka na vidole hupoteza uthabiti. Maarifa, kinyume cha mkono, yaweza kusafiri. Na historia ya tiba katika Afrika Mashariki ni kwa sehemu historia ya safari hiyo.

Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, waliasisi shirika la madaktari wasafirio kwa ndege, lenye makao Nairobi, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la AMREF. Ndege ilimfikisha mpasuaji kwa mgonjwa. Katika miaka ya 1960 ikaongezwa simu ya upepo: mganga wa hospitali ya mbali alieleza dalili, naye akapokea shauri. Msaada huo ulikuwa mkubwa, lakini sauti haina macho wala vidole. Shauri jema lilihitaji mtu wa kulitenda.

Tanganyika ililitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1963 Chuo cha Uganga kilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka huohuo yakaanza mafunzo ya madaktari wasaidizi, yaani waganga wenye uzoefu walioongezewa elimu, upasuaji ukiwamo. Kwa miongo mingi hao ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi wilayani.

Thamani yao huonekana wazi mahali kama Tunduma, mpakani mwa Zambia. Kabla Mkoa wa Songwe haujatengwa na Mbeya mwaka 2016, hospitali ya rufaa ya mkoa ilikuwa mjini Mbeya, safari ya kilomita mia na zaidi. Mama aliyekwama katika uchungu hana subira ya barabara.

Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux, akiwa New York, aliongoza mikono ya mashine iliyomtoa mwanamke mfuko wa nyongo huko Strasbourg, Ufaransa. Dunia ilistaajabia bahari iliyovukwa. Wachache walikumbuka kwamba wapasuaji wengine walisimama kando ya mgonjwa, tayari kuingia kazini kama uzi wa mawasiliano ungekatika.

Hapo ndipo funzo lilipo. Picha ya leo huona kuliko simu ya jana. Lakini yeyote atakayeipelekea Songwe mashine bila kuilea mikono ya Songwe, atakuwa amepeleka sauti mahali pasipo msikilizaji.