Bunduki za Roosevelt Sotik na hesabu ya mita 200

Haya wasomaji, leo tuiache Java kidogo, twende Sotik kwenye majani chai.

Juni 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alivuka nchi kame kutoka Kijabe kwenda Sotik. (Sotik yake ilikuwa pana, hadi Ewaso Nyiro ya kusini. Ya leo ni sehemu ndogo tu ya Bomet.) Miaka 4 kabla, 1905, Waingereza walikuwa wamewapiga Wakipsigis wa Sotik na kuwanyang'anya ng'ombe. Yeye alifuata wanyama.

Kati ya bunduki zake kulikuwa na Springfield na Winchester ya .405. Risasi ya Springfield hutoka kwa mita 820 hivi kwa sekunde, ya Winchester 670. Ikishatoka mtutuni huanza kuanguka, kama jiwe lolote. Ndiyo maana alama za kulengea hupangwa mtutu uelekee juu kidogo, risasi ikutane na mstari wa jicho kwenye umbali uliouchagua. Swali ni umbali gani?

Nimeandika kijiprogramu cha mistari kumi, bila kuhesabu hewa (hewa huongeza tu hasara). Ukipanga mita 100, kwenye 200 Springfield inapiga chini kwa sentimita 15, Winchester 22. Hiyo 22 ndiyo inayovunja mguu, nyumbu akakimbia na kidonda akafie mbali. Panga Springfield mita 200: katikati ya safari inapanda sentimita 7 tu, na kifua cha nyumbu kinazimeza hizo. Winchester ningeipanga 150: inapanda 6, kwenye 200 iko chini 11.

Na simba je, ambaye Roosevelt aliipendea .405? Akiwa mita 30 tofauti ni sentimita chache sana. Hapo mkono usitetemeke, basi!

Tatizo kubwa zaidi ni kukisia umbali kwenye mbuga tambarare. Jamaa jicho lake la kushoto lilikuwa karibu halioni, kisa ndondi za Ikulu, na katika African Game Trails anasimulia wazi risasi alizokosa. Hata hivyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512 safari nzima, yeye 296.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1977.