Ahazi na Yosefu: Wana Wawili wa Daudi, Ahadi Moja

Masomo ya Dominika ya 4 ya Majilio, Mwaka A (Isa 7:10-14, Rum 1:1-7, Mt 1:18-24), yanatuwekea mbele ya macho watu wawili wa ukoo mmoja: Ahazi, mfalme wa Yuda, na Yosefu, seremala wa Nazareti. Wote wawili ni wana wa Daudi, na wote walipewa habari ya Emanueli. Kati yao imepita miaka zaidi ya 700.

Ili kuuelewa unabii wa Isaya, yatupasa kurudi Yerusalemu, yapata mwaka 734 KK. Dola ya Ashuru, chini ya Tiglath-Pileseri III, ilikuwa ikizimeza nchi ndogo moja baada ya nyingine. Resini wa Dameski na Peka wa Israeli waliungana kuipinga. Walipanda kupigana na Yerusalemu wakikusudia kumwondoa Ahazi na kumtawaza mwana wa Tabeeli (Isa 7:6). Hapo ndipo ahadi ya Mungu ilipotikiswa. Kwa kinywa cha nabii Nathani, Mungu alikuwa amemwahidia Daudi kiti kitakachodumu, na kwamba mfalme wa uzao wake atakuwa kwake kama mwana kwa baba (2 Sam 7:12-16).

Isaya alimwendea mfalme penye mfereji wa birika la juu, akamsihi atulie na kusadiki. Kisha akamruhusu kuomba ishara yoyote aitakayo. Ahazi akakataa kwa maneno ya kichaji, kwamba hataki kumjaribu Bwana. Lakini uchaji ule ulikuwa pazia tu. Kitabu cha Pili cha Wafalme (16:7-8) chatueleza kwamba alitwaa fedha na dhahabu ya Hekalu, akampelekea mfalme wa Ashuru, akijiita mtumwa wake na mwana wake. Tulitafakari neno hilo. Mrithi wa ahadi ya kuwa mwana wa Mungu aliomba awe mwana wa Tiglath-Pileseri! Hata maandishi ya Waashuru yaliyofukuliwa Nimrud, katika Iraki ya leo, yanamtaja kwa jina lake refu, Yehoahazi wa Yuda, miongoni mwa wafalme waliolipa kodi.

Je, alipata alichokitafuta? Dameski ilianguka mwaka 732 KK, na Samaria yapata mwaka 722 KK. Adui zake walikwisha. Lakini Yuda iliruka majivu ikakanyaga moto: mwaka 701 KK, siku za Hezekia mwana wa Ahazi, Ashuru hiyo hiyo iliiteka miji ya Yuda yenye maboma na kuitisha Yerusalemu.

Ishara aliyoikataa Ahazi, Mungu aliitoa hata hivyo. Wayahudi walipokitafsiri kitabu cha Isaya kwa Kigiriki, kabla ya Kristo, mwanamwali wa unabii ule walimwita kwa neno lenye maana ya bikira. Ndilo neno alilolipokea Mathayo.

Yosefu hakuwa na kiti cha enzi, jeshi wala hazina. Alikuwa na hofu yake tu, na nia ya kumwacha Maria kwa siri. Malaika alimwita mwana wa Daudi, naye hakuomba ishara. Injili haikutuachia hata neno moja lake. Aliamka, akamchukua mkewe, akampa mtoto jina, na hivyo akamwingiza kisheria katika nyumba ya Daudi. Ahadi iliyokataliwa na mfalme ikapokelewa na seremala.

Wapendwa, Ahazi hakukana kwamba Mungu yupo. Alichokosa ni hakika kwamba ahadi yake inatosha. Yupo kati yetu asaliye Rozari jioni, na alfajiri akampelekea mganga fedha. Yupo apokeaye Komunyo, kisha akatafuta haki ya mwanawe kwa rushwa. Hizo ndizo Ashuru zetu, na kodi yake haiishi.

Hata hivyo, uaminifu wa Mungu haukutegemea uaminifu wa Ahazi. Ndiyo maana tunayo Noeli. Mtakatifu Yosefu, utuombee. Amina.