Jua, Nyigu na Kuvu: Vita vya Kupe Nje ya Josho

Mfugaji wa Garissa alikuwa na silaha dhidi ya kupe kabla hajasikia habari za josho: jua. Jilaal, yaani kiangazi, ikishika, Januari hadi Machi, mayai ya kupe yaliyotagwa kwenye mchanga usio na kivuli hukauka. Ndiyo maana kupe wa masikioni aenezaye ndigana kali, ambaye haishi bila unyevu, hakustawi nyanda hizi kama alivyostawi milimani na pwani. Anayetawala huku ni kupe wa pundamilia, Rhipicephalus pulchellus, ambaye dume lake lina mgongo uliochorwa nyeupe na nyeusi.

Neema hiyo ina gharama yake. Ng'ombe wa Borana aliyekulia pasipo ndigana hana kinga, na akishushwa kwenye maeneo yenye ugonjwa hufa upesi. Gu nayo, msimu wa mvua, ikinyesha vizuri, kupe hujaa viwele na mapajani. Wazee walihama, wakachoma nyasi kuukuu, wakawabandua kupe kwa vidole. Si vyema kuzipamba mbinu hizo kupita kiasi. Zilipunguza kupe, hazikuwamaliza.

Majosho yalianza Kenya mwaka 1912, kwa arseniki, yakilenga zaidi mashamba ya walowezi. Mifugo ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha Garissa, iliishi na karantini zaidi kuliko huduma. Kupe wakaizoea arseniki, zikaja dawa nyingine, na kwa nyakati tofauti wakazizoea hizo pia. Leo mfugaji hununua chupa dukani, huichanganya kwa kukisia, kisha hushangaa kupe akiendelea kutembea.

Njia nyingine ilitafutwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mwaka 1991 watafiti wake walichapisha matokeo ya jaribio lisilo na makuu: kuku waliachwa wadonoe kati ya ng'ombe kwa nusu saa hadi saa moja, kisha matumbo yao yakapasuliwa. Kwa wastani kila kuku alikuwa amemeza kupe 81. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya mgagani, mboga ile ile ya sufuriani, ambayo harufu yake huwafukuza kupe. Bomani haya yanafaa sana, ila anayehama na ng'ombe hadi ukingo wa Tana hawezi kuswaga na kuku.

Kisa cha nyigu ndicho kinachonivutia zaidi. Ixodiphagus hookeri ni mdogo hata kumwona ni kazi. Hutaga ndani ya kupe mchanga. Kupe akinywa damu, mabuu humla kutoka ndani, na nyigu wapya hutoboa ganda wakaruka. Wamarekani waliwaachilia nyigu wa jamii hiyo katika kisiwa cha Naushon, Massachusetts, mwaka 1926. Nchini Kenya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba baada ya kuachilia nyigu wapatao 150,000 kwa mwaka mmoja, kupe aina ya Amblyomma variegatum walishuka kutoka 44 hadi 2 kwa kila ng'ombe. Kupe wa masikioni, kwenye malisho yale yale, hawakupungua. Nyigu huyo huchagua.

Kuvu hachagui hivyo. Miaka ya 1990 mtafiti Godwin Kaaya na wenzake walijaribu kuvu wa Beauveria na Metarhizium. Mbegu ya kuvu hunasa kwenye ngozi ya kupe, huota, hupenya hadi ndani. Kupe hufa, na penye unyevu maiti yake humea ukungu, wa kijani ikiwa ni Metarhizium. Jike asiyekufa hutaga mayai machache. Mwaka 2016 watafiti wa Kenya waliripoti kwamba kuvu huua hata kupe wa buluu waliokwisha kuizoea dawa ya amitrazi.

Udhaifu wa kuvu ni jua lile lile lililomlinda mfugaji wa Garissa. Mionzi huua mbegu zake, na ukavu huzizuia kuota. Ndiyo maana watafiti walizichanganya na mafuta, yakafanya kazi vizuri zaidi kuliko maji matupu. Kwa hiyo wa kupima dawa hii Ijara au Fafi, huko Garissa, asije na ratiba ya Nairobi. Aje wakati wa gu, nyasi zikiwa mbichi na kupe wamejaa, anyunyizie jioni ng'ombe wakirudi zizini. Jilaal aliachie jua.