Sekretini

Sekretini ni homoni inayotolewa na ukuta wa mwanzo wa utumbo mwembamba, chakula chenye asidi kinapoingia kutoka tumboni. Hupita katika damu hadi kongosho, nalo hutoa majimaji yenye bikaboneti yanayopunguza ukali wa asidi hiyo.

Iligunduliwa mwaka 1902 mjini London na William Bayliss na Ernest Starling. Wakati ule Ivan Pavlov wa Urusi alifundisha kwamba kongosho huamriwa na neva. Wao walikata neva za kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi ndani yake. Kongosho likatoa majimaji vilevile. Jina "homoni" Starling alilitumia mwaka 1905 tu. Hata hivyo neva zina kazi yake: neva ya vagasi huchochea kongosho hata kabla chakula hakijamezwa.