Gari Lililokwama Mirihi

Askari aliyewahi kusukuma lori katika tope la bonde la Gikondo, mjini Kigali, anafahamu kwamba gurudumu likizunguka bure hujichimbia. Itakumbukwa kuwa mwaka 2009 gari la utafiti la Marekani, Spirit, lilikwama vivyo hivyo katika mchanga wa sayari ya Mirihi, na huko hakuna wa kusukuma. Januari 2010, magurudumu mawili kati ya sita yakiwa yamekufa, mafundi walikubali kushindwa.

Lakini kisichosogea hupimika barabara. Kwa kufuatilia mawimbi yake ya redio miezi sita, wataalamu walitazamia kupima kuyumba kwa mhimili wa Mirihi, wajue iwapo kiini chake kimeyeyuka. Baridi iliwawahi: tarehe 22 Machi 2010 Spirit lilinyamaza. Jibu lilipatikana kwa InSight, chombo kisicho na magurudumu kilichotua mwaka 2018: kiini kimeyeyuka.