Siku Mbili za Unguja

Unguja na Pemba zilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ile ikapinduliwa. Sikukuu ya taifa ni hiyo ya pili. Lakini ufa ulizitangulia zote mbili. Katika zama za siasa, kama wazee waziitavyo, mtu aliacha kununua dukani kwa jirani wa chama kingine, na hata mazikoni watu walitengana, jambo zito kupita yote. Uchaguzi wa Julai 1963 ulikipa Chama cha Afro-Shirazi zaidi ya nusu ya kura, lakini viti 13 tu katika 31. Basi bendera ilipopandishwa Desemba, wengi waliiona ya wenzao. Na ifikapo Januari, katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, huyu hushangilia ukombozi, na yule, nyuma ya mlango uliofungwa, huwasomea Fatiha wafu wake.